Kufuli Nililolifukia

Jumatatu, 5 Februari

Vizibo kumi na vinne, pini moja, kijiko kisicho na mpini. Ndiyo mavuno ya leo bustanini. Mgongo unauma. Joto la kaskazi halina adabu, saa kumi na moja jioni na bado jasho linatiririka ndani ya hedifoni.

Watu wameshanizoea. Mwanzoni walidhani natafuta rupia za Mjerumani, wakawa wananifuata nyuma. Walipoona natoa vizibo tu wakanionea huruma. Mwalimu wa fizikia mstaafu, mjane, kaletewa mashine ya kutafutia vyuma na mpwa wake aliyeko Maskati. Mwacheni acheze. Bi Rukia muuza kahawa peke yake ndiye huniuliza kila siku nimepata nini. Leo nilimpa kile kijiko. Alicheka mpaka akamwaga tangawizi.

Tatizo ni masikio yangu. Bado sijui mlio wa shaba na wa chuma, wala kitu kikiwa chini sana kinaliaje. Kesho nitafukia vitu vyangu mwenyewe, kwa vina ninavyovijua, nivisikilize. Jaribio safi.

Jumanne, 6 Februari

Nimefukia vinne chini ya mti wa mkungu, hatua chache kutoka kwenye kibao anachokalia Bi Rukia. Sarafu ya mia, kijiko cha jikoni, kizibo, na kufuli la kabati la marehemu mume wangu. Kufuli nimelifunga lisiingie mchanga. Kila kimoja nimekiviringisha kitambaa nilichochana kwenye kisutu changu, ile kanga nyekundu niliyovaa harusini, imeshaliwa na panya. Na kila kimoja nimekitia karatasi yake ya vipimo, kama tulivyofanya na sampuli maabara. Mistari, visanduku, tarakimu. Ualimu hautoki mwilini.

Mbaruku, msimamizi wa bustani, hakuwepo. Aliniruhusu kuchimbua. Kufukia hakuniruhusu. Nimejiambia ni mamoja.

Jumatano, 7 Februari

Vitatu nimevichimbua. Betri imekufa kabla sijafika kwenye kufuli. Kisha simu kutoka Muheza, dada anaumwa. Naondoka alfajiri. Kufuli litangoja.

Jumatano, 14 Februari

Nimerudi. Dada hajambo, alhamdulillahi. Huku ndiko kubaya.

Mfagiaji amelifukua kufuli juzi. Limefungwa, limeviringishwa kisutu, ndani mna karatasi yenye visanduku vya tarakimu. Nilipohadithiwa nilicheka. Kisha nikaacha. Kisutu ni nguo ya bi harusi. Jedwali langu wanaliita talasimu. Na Mbaruku ana binti, Mwanaisha, aliyeposwa. Wiki ya tatu sasa upande wa mume hawaleti jibu la siku ya harusi, na mfungo unakaribia. Sasa kila mtu anajua kwa nini. Mwanaisha kafungwa asiolewe.

Na mfungaji wameshampata. Nani anashinda pale chini ya mkungu? Nani aligombana na Mbaruku mwezi uliopita kwa ajili ya mahali pa kuweka jiko? Bi Rukia amefukuzwa bustanini. Kibao chake kimetupwa nje ya ua.

Kesho naenda kusema. Ufunguo ninao, unaning'inia kwenye msumari jikoni.

Alhamisi, 15 Februari

Sikusema.

Nilifika mpaka langoni. Mbaruku akaniamkia shikamoo, macho mekundu. Nilimfundisha kidato cha pili, alikuwa mtoto mwema. Akanieleza habari yote mwenyewe, mimi natikisa kichwa. Natikisa kichwa! Nikampa pole, nikaondoka.

Mjane anayeishi peke yake. Anayetembea na mashine inayolia. Anayefukia makufuli. Nani angesubiri nimalize kueleza habari za sampuli? Niliogopa. Hakuna jina lingine.

Jumamosi, 17 Februari

Nimekwenda Makorora, nyumbani kwa Bi Rukia. Nimebeba sukari kilo mbili kama mtu anayekwenda msibani. Birika lake limefunikwa kanga. Kahawa yake hawainunui hata pale mlangoni kwake. Nikiwa nimekaa, mama mmoja alipita, akamvuta mwanawe asije akamsalimia.

Bi Rukia hakulalamika. Aliniuliza hali ya dada. Halafu akanitazama, akanitazama. Nikasema mwaka huu joto limezidi.

Mnafiki mkubwa wee.

Jumatatu, 19 Februari

Mbaruku ametangaza. Ijumaa baada ya swala ya alasiri itasomwa Halbadiri palepale chini ya mkungu. Aliyefukia kufuli, kisomo kimpate. Na Bi Rukia ametakiwa aje aape mbele ya watu. Amekubali.

Miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto kwamba kila jambo lina sababu, na sababu inapimika. Leo nimetia chumvi kwenye chai. Mara mbili.

Najiambia kisomo humpata mwenye nia mbaya, mimi nilitaka kusikia mlio tu. Sawa. Na huku kunyamaza, nia yake nini?

Jumatano, 21 Februari

Sijala. Ufunguo nimeutoa msumarini, nikaurudisha, nikautoa.

Ijumaa, 23 Februari

Nimesema.

Bustani ilijaa. Bi Rukia alikaa kwenye mkeka peke yake, kila upande wake pangeweza kukaa watu watatu. Kufuli liliwekwa juu ya sinia. Shehe alikuwa bado anafunua kitabu nilipoinuka. Ufunguo ulikosa tundu mara mbili. Kisha likafunguka. Nikasema ni langu, nimelifukia mimi, Bi Rukia hana analolijua. Nikaeleza mashine, vina, karatasi. Nilieleza vizuri, lilikuwa somo zuri. Hakuna aliyelisikia. Walisikia kwamba Mwalimu kafukia kufuli, basi. Waliokuwa karibu yangu walisogea nyuma. Mbaruku hakunitukana, alikaa chini akalia, na afadhali angenitukana. Shehe alifunga kitabu, akasema hakuna cha kusomwa hapa, mwombeni Bi Rukia radhi. Wachache walimwomba.

Nilimkimbilia Bi Rukia njiani. Nikamwomba msamaha, nikaanza tena habari za sampuli. Akanikatiza.

"Mwalimu, mimi nilikuona ukifukia. Nilikuwa nimekaa pale."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Ningekutaja wangekuvunjia nyumba. Nikasema akirudi atasema mwenyewe. Ukaja kwangu na sukari, ukanieleza joto."

Alikwenda zake, polepole, kanga kaishika kichwani. Mimi nilibaki pale na kufuli mkononi mpaka adhana ya magharibi.

Jumanne, 27 Februari

Upande wa mume wameleta jibu. Harusi kabla ya mfungo. Babu yao alikuwa amelazwa, ndiyo maana walichelewa. Hiyo ndiyo sababu, na inapimika. Lakini mtaa mzima wa Nguvumali unasema ni kwa vile nimelifungua kufuli.

Leo wamekuja wanawake wawili mlangoni, kila mmoja na shida yake, wanataka niwafungulie na wao. Nimewafukuza. Mmoja kaacha kuku kamfunga kwenye nguzo ya baraza. Nimemtumia ujumbe aje amchukue, hajaja. Kuku wa watu kutwa analia barazani.

Ijumaa, 1 Machi

Mashine iko uvunguni. Nimekwenda bustanini mikono mitupu.

Bi Rukia karudi mahali pake chini ya mkungu. Kibao kimepasuka mguu mmoja, wamekifunga waya. Mbaruku ndiye aliyekifunga, nimemwona. Watu walikuwa wengi, wanakunywa, wanazungumza harusi. Nilipofika, wawili wakahamia upande wa pili. Nikakaa mwisho wa benchi.

Aliwahudumia wote kwanza. Kisha akanimiminia, akaweka kikombe kwenye benchi kando yangu, hakunipa mkononi. Kahawa ilikuwa nzuri, tangawizi imekolea. Nilimaliza, nikamshukuru, akaitikia.

Hakuniuliza nimepata nini.