Kinga za Marehemu Beatrisi

Nguvumali, Tanga
12 Februari 2023

Mwanangu Lucas,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, goti tu ndilo linaleta maringo asubuhi. Wewe je, unakula? Usiniambie chipsi ni chakula.

Kifurushi nimempa kondakta wa basi la asubuhi, na barua nimeitia humo humo, maana wewe ukipigiwa simu kila saa uko kwenye kikao. Zimo kinga saba za gitaa. Nne za mkangazi, mbili za mvule, na moja ya mninga ambayo utaijua ukiiona. Nilipata vinia mbili zilizofuatana kwenye gogo moja, nikazifunua kama kitabu, mistari ikatazamana. Hafsa jirani alikuja kuazima kinu akanikuta nazibandika. Akasema, "Beatrisi, karatasi za mbao unazipiga pasi kama sare za shule, una akili wewe?" Nikamwambia hizi zinakaa kifuani mwa gitaa, chini ya nyuzi, ili kucha za mpigaji zisilichubue. Akauliza, "Na huku Nguvumali gitaa la nani linachubuka?" Tulicheka mpaka kinu akakisahau.

Nyuma ya kila moja nimechoma herufi zangu, B.E., kwa msumari wa moto. Ikishafungwa kwenye gitaa hazionekani, lakini mimi najua zipo. Miaka kumi na tisa kiwandani nilikuwa naziba matundu kwenye vinia za watu, na hakuna mteja aliyepata kujua kuna Beatrisi. Hii ya sasa ni kazi yangu.

Ulisema Agosti kuna maonyesho ya vyombo vya muziki huko Dar. Nataka kuja. Sitaki jukwaa wala picha. Nataka nisimame pembeni nimwone mtu mmoja tu anaishika, anaigeuza, anauliza imetengenezwa na nani. Halafu nirudi zangu Tanga.

Mama yako,
Beatrisi

*

Dar es Salaam
3 Machi 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi sijambo kabisa, na ninakula, wala si chipsi.

Mama, zile saba zilikwisha kabla wiki haijaisha. Ile ya mninga kaichukua Tadeo, mpiga gitaa wa kwaya yetu, na kila mtu kanisani anamwuliza kaipata wapi. Una mikono ya ajabu wewe.

Nina ombi dogo. Herufi zile za nyuma usiziweke tena. Wateja wanataka mgongo safi ili gundi ishike. Si neno kubwa, ila ndivyo soko lilivyo. Pia nieleze tena unavyozipanga vinia, maana watu wananiuliza na mimi nabaki kubabaika.

Agosti tuiache, mama. Joto la huku, foleni, na hilo goti. Mwakani nitakuja kukuchukua mwenyewe. Kwa sasa nitengenezee kumi.

Mwanao,
Lucas

*

Nguvumali, Tanga
27 Agosti 2023

Mwanangu Lucas,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima. Natumaini nawe hujambo, na maonyesho yalikwenda vizuri. Kitenge nilichokuwa nimekishona nimekwenda nacho misa ya leo, kisije kikaliwa na mende.

Kumi ulizoomba ndizo hizi, za mwezi huu, kama zile za Juni. Migongo misafi. Nilizishika msumari ukiwa motoni tayari, nikauacha ukapoa.

Umeniuliza mara ya tatu sasa, basi andika mahali. Vinia ni tatu. Ya chini na ya juu mistari yake inakwenda upande mmoja, ya kati inalala kinyume, imezikata. Ukizilaza zote upande mmoja, unyevu wa pwani ukiingia tu, kinga inajikunja. Gundi nyembamba, pasi ya mkaa isiyo kali, kitambaa katikati usije ukaunguza. Halafu jiwe la kusagia juu yake siku mbili, na usichungulie. Wewe ulikuwa unachungulia tangu ulipokuwa mdogo.

Mama yako,
Beatrisi

*

Nguvumali, Tanga
11 Februari 2024

Lucas,

Salamu sina leo. Zikipatikana nitaziweka mwisho.

Jana saa nane mchana nilikuwa uani napiga msasa. Hafsa akaingia mbio, kanga inamdondoka. "Beatrisi! Kuna binti barabarani anaulizia kwa marehemu mama yake Lucas!" Nikadhani ni utani wake. Kabla sijamjibu binti mwenyewe akawa mlangoni, gauni jeusi, shada la maua ya plastiki amelikumbatia. Akapiga goti. "Shikamoo mama. Naitwa Precious, mchumba wake Lucas. Hajui kama nimekuja. Nimeona si vizuri niolewe bila kupita kaburini kumsalimia mama mkwe."

Mchumba! Posa imepelekwa, imejibiwa, siku imepangwa, mimi naambiwa na mgeni aliyeniletea shada langu. Lina utepe wa zambarau: "Pumzika kwa amani Mama Beatrisi." Jina zima, kwa herufi za dhahabu.

Hafsa akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Halafu nikasikia sauti yangu inasema, "Karibu mwanangu. Mimi ni mdogo wake marehemu."

Usiniulize kwa nini. Huyu mtoto alikuwa ametoka Dar na maua mapajani njia nzima. Ningesema mimi ndiye Beatrisi, angekujua wewe ni mtu wa namna gani pale pale, nimemtazama usoni. Nilikuficha, Lucas. Nilikuficha kabla sijakumbuka kukasirika.

Nikamwambia kaburi liko Mkwaja kwa wazee, ni mbali, hatafika na kurudi. Akalia begani kwangu na vumbi langu la mbao. Kumbe naye mama yake alifariki. Akanisimulia jinsi jumuiya yenu ilivyowasha mishumaa kwa ajili yangu, misa niliyosomewa, rambirambi uliyochangiwa. Akanisimulia na kifo changu. Eti nilikufundisha kazi hii nikiwa kitandani, mkono unatetemeka, na neno langu la mwisho lilikuwa, "Endeleza." Mimi! Hata kulazwa sijawahi kulazwa, ila siku niliyokuzaa wewe.

Halafu akatoa mkobani kinga uliyotengeneza mbele ya macho yake, ya kumbukumbu. Ncha zote mbili zimejikunja kama chapati ya jana. Vinia tatu, zote upande mmoja. Akasema, "Mama mdogo, Lucas tangu msiba mkono wake umepoteza raha." Nikaigeuza nyuma. Umechoma L.E.

Sasa nimeelewa mgongo safi ulikuwa wa nini.

Nimekukosea nini? Ungenitukana ningelia, ningesahau, ungekuja Krismasi ukala pilau. Ungesema kazi ni zako, ningeuma meno, kwani wewe ni nani kama si kazi yangu? Lakini kunizika! Watu wamesimama kimya kuniombea na wewe umesimama katikati yao, na kifurushi changu cha wiki ile kiko chumbani kwako hujakifungua. Nimepata uchungu ambao sikuupata hata baba yako alipofariki, maana yeye hakutaka kuniacha.

Neno moja tu. Kabla ndoa haijatangazwa kanisani, mwambie Precious. Wewe, kwa mdomo wako. Mkija wote wawili nitawapikia, na sitalirudia jambo hili.

Salamu hazikupatikana.

Mama yako aliye hai,
Beatrisi

*

Dar es Salaam
2 Machi 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi. Simu naiona inaita na siwezi kuipokea.

Nisamehe. Ilianza kidogo. Kwenye maonyesho yale mtu mmoja mkubwa wa studio aliishika kinga yako, akaigeuza, akauliza nani katengeneza. Nikiwa sijamjibu akasema, "Nipe namba yake nimfuate mwenyewe." Nikaona nimekuwa mbeba vifurushi. Nikasema ni mimi. Akauliza nani alinifundisha, nikasema marehemu mama, ili yaishe. Hayakuisha. Wakaja na pole, wakaja na misa. Precious alinisogelea siku hiyo ya misa, kwa sababu naye hana mama. Ndicho kilichotuunganisha. Nikilitoa hilo, mama, sina kinachobaki.

Kwa ulivyompokea umeniokoa. Amekupenda mno, kila siku ni mama mdogo hivi, mama mdogo vile. Ndipo nimewaza, na naomba unielewe. Ndoa ni tarehe 27 Aprili. Kamati imetenga kiti cha mbele upande wa wazazi. Njoo, ukae hapo kama mama mdogo. Mama mdogo si mama? Utaniona naoa, hutakosa kitu. Baadaye, tukishapata mtoto, nitamweleza polepole.

Sare naituma kwa basi. Na kama goti linaruhusu, nitengenezee kinga moja ya mninga, ile ya kufunuliwa kama kitabu. Nimewaahidi watu nitapiga gitaa ukumbini.

Mwanao,
Lucas

*

Nguvumali, Tanga
15 Aprili 2024

Mpendwa Lucas, mtoto wa marehemu dada yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima katika pilikapilika za harusi. Huku sote hatujambo, ukimtoa marehemu.

Sare imefika na imenikaa vizuri. Nitakuja. Nitakaa kwenye kiti ulichonipangia, nitapiga vigelegele, na wakisimama kumkumbuka mama mzazi wa bwana harusi, nami nitasimama. Nitamlilia kwelikweli, maana nilimfahamu.

Precious hunipigia kila Jumapili. Ndiye aliyeniambia, tena kwa furaha, kwamba tangazo la kwanza limesomwa, mara la pili, na jana la tatu. Mara zote tatu wamesema Lucas wa marehemu Beatrisi. Mtoto mwema yule. Kila akipiga anaulizia goti kwanza. Wewe uliandika "kama linaruhusu".

Kinga ya gitaa la harusi hakuna. Aliyekuwa akizitengeneza alifariki, wewe mwenyewe ndiye uliyewatangazia watu, na mimi mdogo wake sikujifunza kazi hiyo. Ukibanwa na watu, vinia zinauzwa huko huko Dar. Ya kati ilale kinyume.

Ila nikwambie, huku Nguvumali msiba haujafika. Juzi Sadalla, mume wa Hafsa, kaleta gitaa lake la taarabu. Anataka mninga, na herufi zichomwe mbele, kando ya nyuzi, kila mtu azione. Nimezichoma. Amekwenda nayo Kigombe kwenye harusi ya watu, na wameuliza.

Precious sitamwambia. Si kazi ya mama mdogo. Siku utakapomwambia wewe, iwe kabla ya harusi, iwe mkiwa na wajukuu, piga simu hapa, mama yako ataipokea. Mpaka siku hiyo usimwandikie, usimpigie, usimwagize kitu. Wa kukuandikia kutoka nyumba hii ni mimi.

Jina sijaliweka, kwa kuwa hukunipa. Precious aliponiuliza nilimwambia hili la mama mdogo linatosha.

Mama yako mdogo