Tetere wa Kunasia

Kijiji cha Vạc, 4 Machi 1996

Mwanangu Khoát,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, Hảo na watoto. Mimi sijambo, ila magoti, na magoti yenyewe umeshayazoea kuyasikia. Mvua za rasharasha hazijakoma tangu mwaka mpya wa Tết na nguo hazikauki.

Kitabu chako kimefika. Nilikiweka kwenye madhabahu ya ukoo kama ulivyoagiza, nikamwashia babako udi, nikarudi jikoni. Sikuwa na neno. Lakini kuna Mận, mtoto wa jirani, anayefanya mtihani wa kuingia darasa la kumi mwezi wa sita. Kila asubuhi anakaa ukutani upande wa pili na kukariri uchambuzi wako wa lile shairi kwa sauti, neno kwa neno, kama kasuku aliyelipwa. Leo ni siku ya tisa. Mimi napepeta ufuta huku nasikia: "Wito wa tetere ndani ya tundu ni wito wa uhuru, unaowaamsha wenzake msituni." Anafika hapo, anasahau, anarudia mwanzo.

Khoát, umelelewa katika nyumba hii. Babako alikuwa na tetere wa kunasia, na wewe ndiye uliyembebea tundu hadi kwenye mianzi ya makaburini. Ndege yule alikuwa akilia, wa porini wakija, wavu ukifunga, na jioni ulikuwa unatafuna mifupa yao. Tangu lini tetere wa kunasia akamwita mtu kwenye uhuru? Wino wa mjini umekuosha akili?

Futa maneno hayo. Sitaki kuyasikia tena juu ya ukuta wangu.

Ni mimi mamako,
Ngoan

*

Nam Định, 20 Machi 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Vidonda vyangu vya tumbo vimetulia, na Hảo anakutumia mafuta ya kuchua magoti. Upake usiku, usiyahifadhi kabatini kama yale ya mwaka jana.

Nimecheka sana kuhusu Mận. Mwambie akikariri vizuri atapata alama nzuri, maana shule zote za mkoa zinatumia uchambuzi huo na wasahihishaji wanautafuta uleule.

Kuhusu tetere, Mama, naomba unisikilize kwa upole. Shairi lina tabaka zake. Baba aliandika akiwa gerezani kwa Wafaransa mwaka 1952, na mfungwa hawezi kuandika waziwazi, kwa hiyo anajificha nyuma ya ndege. Tundu ni gereza. Ngazi ya bwawani ni nyumbani anakokukumbuka. Msitu ni taifa. Na anaposema "njoo, huku kuna nafasi," anawaita wenzake kwenye mapambano. Nimelifundisha shairi hili miaka kumi na mitano, na nimeona wavulana wakubwa wakifuta machozi. Haya ni mambo ya kitaalamu, Mama, si ya kupepeta ufuta.

Siku ya kumkumbuka Baba, tarehe 6 Mei, nitakuja na wageni wawili wa idara ya elimu. Mmoja atasoma shairi mbele ya madhabahu. Tafadhali tengeneza zile sambusa zako za utando wa unga wa mchele, wamezisikia sifa.

Mwanao akupendaye,
Khoát

*

Vạc, 2 Aprili 1996

Mwanangu Khoát,

Salamu kwa Hảo, na mafuta nimeyapokea. Magoti ni yaleyale. Hasira ndiyo imepanda.

Umesema mambo ya kitaalamu. Haya, kaa chini mwalimu, nikufundishe. Shairi lenyewe hili hapa, ili usiseme bibi kizee amelisahau:

*Tundu la mianzi, mtama kiganjani,*
*tetere wangu ana maji, ana kivuli.*
*Asubuhi analia kwenye ngazi ya bwawa*
*na msitu wote unamsikia.*
*Njoo, anasema, njoo, huku kuna nafasi.*
*Mbawa zangu nimezisahau, zako bado zinajua njia.*

"Mtama kiganjani." Ulisema ni mgao haba wa gerezani. Gereza gani hukulisha kwa kiganja? Mtu anayekulisha kwa kiganja anakupenda, au anasema anakupenda, na ukimng'ata wewe ndiye mbaya. "Maji, kivuli." Ulikuta hapo kejeli dhidi ya wakoloni. Hapana kejeli. Maji yalikuwepo na kivuli kilikuwepo. Ndiyo maana huwezi kumlalamikia mtu yeyote.

"Ngazi ya bwawa." Ulisema ni kumbukumbu ya mfungwa. Ngazi ile ya matofali ilijengwa mwaka 1957, ulipokuwa unajifunza kutembea na nyanyako akahofia utateleza kwenye tope. Babako aliachiwa mwaka 1953. Alikumbuka vipi ngazi ambayo haijajengwa?

Na mstari wa mwisho hukuugusa kabisa. Uliandika "hitimisho lenye matumaini," ukaruka. Ndege anamwita mwenye mbawa aje mahali ambapo mbawa husahauliwa. Hayo ni matumaini?

Babako alikuwa mtu wa jembe na wa mikutano. Barua za serikali alikuwa akiniletea mimi nimwandikie. Shairi niliandika mimi, nyuma ya daftari lake, kwa sababu karatasi nyingine haikuwepo. Ulipolifukua daftari baada ya mazishi yake uliona mwandiko ni wangu. Ukasema mbele ya watu kwamba Mama alimnakilia Baba. Nilikuwa nimesimama palepale na sinia la chai. Kuuliza si ujinga, Khoát, na hukuniuliza.

Mamako,
Ngoan

*

Nam Định, 15 Aprili 1996

Mama,

Shikamoo. Huku tu wazima, isipokuwa tumbo langu limeamka tena, na unajua kwa nini.

Nimeisoma barua yako mara nne. Habari ya ngazi nimemuuliza fundi Tuệ aliyeijenga, bado yu hai, na amesema ni kweli, mwaka 1957. Kwa hiyo hilo umeshinda. Lakini nina la kuuliza sasa, maana umenilaumu kwamba siulizi.

Miaka kumi na mitano ulikuwa wapi? Nilisimama mbele ya watoto wa watu nikiwaambia uongo, na wewe unajua, unanyamaza, unanipikia wali. Kila mwaka shairi linasomwa mbele ya picha ya Baba na wewe umeinamisha kichwa kama wengine. Nilidhani unalia kwa ajili yake. Umeniacha nijenge nyumba juu ya mchanga, halafu ghorofa ilipofika juu ndipo unanionyesha msingi. Mama gani anamfanyia hivyo mwanawe?

Na huo ufungwa wako ni upi? Baba hakukupiga hata siku moja. Nyanya alikuachia funguo za nyumba nzima. Hukulala njaa hata mwaka ambao kijiji kizima kililala njaa. Watu walikufa magerezani, Mama, na wewe unajiita mfungwa kwa sababu ya jiko.

Kisha tetere anaita. Kama ni wewe, ulimwita nani? Nani alikuja? Usipoweza kunijibu hilo, basi liache jina la Baba lipumzike, zimebaki wiki tatu tu wageni wafike.

Khoát

*

Vạc, 24 Aprili 1996

Mwanangu,

Sikuulizi hali leo, na yangu usiniulize.

Umeuliza nani alikuja. Alikuja mdogo wangu, Thắm.

Nilikaa miaka kumi katika nyumba hii bila mtoto. Babako kweli hakunipiga. Nyanyako naye hakunitukana, alikuwa akiugua tu kila mtu alipotaja wajukuu. Mwaka 1955, baada ya mavuno ya mwezi wa tano, aliniita akanipa kiti, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Alisema afadhali damu yako mwenyewe kuliko mgeni, mwandikie mdogo wako aje akusaidie kazi. Nilijua kazi gani. Niliandika. Nilimwambia Thắm nyumba ni kubwa, kuna maji ya kutosha, kivuli cha mipopoo, njoo, huku kuna nafasi. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alinipenda kuliko mama yetu. Alikuja kwa miguu na kuku wawili kapuni, zawadi yangu.

Kabla ya mwaka kwisha alikuwa mke mdogo wa babako. Mwaka uliofuata ulizaliwa wewe.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki tulikilalia wawili. Ndivyo ilivyokuwa nyumba nyingi wakati ule: mtoto ni wa mke mkubwa. Ulifundishwa kuniita mimi Mama, na yeye Mama Mdogo. Wageni wakija alipeleka maji na kurudi jikoni. Ukilia usiku alikunyonyesha, ukishiba alikurudisha kitandani kwangu. Siku moja ulimkumbatia shingoni ukamwita Mama mbele ya nyanyako, naye Thắm ndiye aliyechapwa.

Ulipofika miaka miwili aliomba kurudi kwetu pamoja nawe. Wakamwambia aende, ila mtoto ni wa ukoo. Akaenda. Baada ya siku tisa alirudi kukuchukua, mchana kweupe, akasimama langoni akiniita mimi. Hakumwita mwingine. Babako alikuwa mkutanoni, nyanyako amelala, na funguo zilikuwa kiunoni mwangu, hizo unazosema niliachiwa. Sikufungua. Nilisimama nyuma ya mlango wa jiko nimekubeba, nikakuziba mdomo usiitike. Alikaa hadi jua likazama. Majira ya baridi ya mwaka huohuo homa ilimuua kwetu, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi wa mwandamo. Shairi niliandika baada ya hapo.

Sasa unajua kwa nini nilinyamaza. Lakini tangu mwezi wa pili nasikia juu ya ukuta kwamba barua ile ilikuwa wito wa uhuru, na siwezi tena. Umenifanya shujaa kwa jambo ambalo linanifanya nisijitazame kwenye maji. Nakukasirikia wewe, na mimi mwenyewe nimejichukia miaka thelathini na minane.

Kitabu chako kifanye upendavyo. Naomba moja tu. Thắm hana mtoto anayejulikana, kwa hiyo hana mtu wa kumwashia udi wala wa kumwekea bakuli siku yake. Mimi ni dada mkubwa, mila hainiruhusu kumfanyia mdogo wangu anachopaswa kufanyiwa na mwanawe. Nina miaka sitini na minane. Nikifa, hakuna atakayejua hata tarehe.

Ngoan

*

Vạc, 10 Juni 1996

Khoát,

Natumaini mko salama. Nimemuuliza Hảo kwa simu ya posta, akasema unakula na unakwenda kazini.

Hukuja siku ya babako. Ni mara ya kwanza mwanawe kukosekana. Wageni wako walikuja, nikawapikia, wakala vizuri. Yule mwenye miwani alipofungua kitabu nilimwambia shairi halisomwi leo. Akauliza kwa nini. Nikamwambia mwandishi hataki. Alitazama picha ya babako, akanitazama mimi, akafunga kitabu.

Mận amefanya mtihani, na shairi limetoka. Alikuwa amenifuata siku moja kabla kuniuliza kama kweli tetere anaita uhuru. Nilimwambia aandike kama mwalimu anavyotaka. Mtoto wa watu asikose shule kwa sababu ya uongo wa nyumba yetu. Lakini nilipomwona anafurahi kwamba hajasahau hata sentensi moja, nilitaka kuuvunja ukuta ule kwa mikono.

Kama umeamua kutoniandikia tena, ni haki yako. Tarehe nilishakupa.

Ngoan

*

Nam Định, 23 Novemba 1996

Sikuanza na salamu kwa sababu sijui nianze na jina gani.

Jana ilikuwa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa kumi. Nilikwenda kijijini kwenu, peke yangu, kwa baiskeli kutoka kivukoni. Mwana wa kaka yenu alinionyesha kaburi. Liko ukingoni mwa shamba la mpunga, na bata wamelifanya njia yao. Nililima majani, nikasafisha jiwe, lina jina tu bila mwaka. Watu walitoka nyumbani kunitazama. Bibi mmoja akauliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikasema mwanawe. Akasema Thắm hakuwa na mtoto. Nikarudia. Ndipo akanishika uso kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku, akaketi chini na kulia.

Niliwasha udi. Nilisema Mama.

Uchambuzi nimeuondoa kwenye chapa ya pili. Shairi pia nimeliondoa. Wakubwa wamekasirika, waache. Lakini kabla sijalifunga daftari nataka nilichambue mara ya mwisho, maana ndiyo kazi niliyosomea, na uliniambia mstari wa mwisho sikuugusa. Ni shairi zuri. Umemhurumia ndege, na ukweli wa tundu umeusema kuliko mtu yeyote niliyemsoma. Mahali pamoja tu linadanganya. Tetere aliye tunduni hawezi kufungua mlango. Wewe funguo zilikuwa kiunoni mwako, na shairi halikuzitaja.

Kwa barua ya kumwita, nimejaribu kukusamehe, na huenda nitaweza. Kwa kiganja kilichoniziba mdomo, bado. Nimekukasirikia miezi saba na ningali nimekasirika ninapoandika hapa. Baba nimemkasirikia pia, na yeye hawezi hata kunijibu.

Nilimpelekea wali, kuku wa kuchemsha na ndizi, kama anavyopelekewa maiti yeyote. Niliviweka pale nikagundua sijui alikuwa anapenda kula nini. Yule bibi hakukumbuka. Hakuna aliyebaki anayejua isipokuwa wewe. Mwakani nitakwenda tena. Nijibu hilo tu, mengine yasubiri.

Khoát, mwana wa Thắm