Moteri ya Ndeke Yetu

Kamina, siku ya ine

Nilisikia moteri yetu mbele ya kufika ku nyumba. Nilikuwa natoka Kabongo na kinga, ninakanyaga pedali, na ile sauti siwezi kuipoteza. Haina piston sawa moteri zingine, haigongi, inalia tu sawa nyuki. Nilifurahi! Niliwaza: Shemeki Ilunga amefunga helisi, ile panga ya kuzunguka, ku pua ya ndeke tunayojenga, ananingojea.

Lakini sauti ilitoka ku soko. Moteri tulitoaka mu motokari ya kupinduka, kumbe ameifunga ku mashini ya kusaga. Bamama bamepanga mustari na mabeseni ya muhindi.

Ilunga alikuja na unga mu nyusi. "Shemeki, redikteri yako iko ya ajabu! Inasaga bila kutetemeka."

Ile redikteri, meno ya kupunguza mbio, nilichonga miye mwenyewe, juu moteri inakimbia sana, inaweza kuvunja helisi. Niliichonga juu ya kuruka.

"Na ndeke?"

"Ah, weye! Ndeke italisha nani?"

Bamama balicheka. Na njo yeye aliapaka, ku kaburi ya baba yake, tutaruka bawili mupaka Kinkondja, tuone ziwa yake kutoka kule juu.

Nilirudia ku nyumba. Bibi yangu, dada ya Ilunga, aliniwekea bukari ya unga mupya ya muhindi bila kuniangalia mu macho. Basi hata yeye alijua.

Nilikuwa na njaa, nilikula. Bukari ya ku nyumba haijakuwaka laini vile.