Gari Lilipochemsha Mara ya Tatu

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokilalamikia kimekuachia nafasi ya kuvuta pumzi. Wifi naye na watoto wanaendeleaje? Sisi hatujambo. Mama hajambo kutuzidi wote. Daktari anasema presha yake haijapata kushuka vizuri kama wiki hii.

Uliuliza habari za gari lako. Gari ni zima. Aliyetoka ni shemeji.

Unakumbuka kwamba tangu dada yetu afariki, mumewe alibaki hapa kwenye chumba cha uani, na kazi yake ikawa kumwendesha Mama: kliniki kila Ijumaa, dukani siku nyingine. Miaka mitatu hiyo Mama hakumwita mwanangu wala baba fulani. Alimwita Mgeni. "Mgeni amekula?" "Mgeni amezima taa?" Naye huitika "Naam, Mama," kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Mwezi uliopita gari likachemsha mara mbili katika wiki moja. Mara ya pili ilikuwa mbele ya duka, wateja wakitazama mvuke kama sinema ya bure. Mama alishuka, akafunga mlango taratibu, akasema kila mtu asikie: "Mgeni, likichemsha mara ya tatu, utafute pa kulala."

Shemeji akasema sawa, Mama. Unamjua, aliyachukua maneno hayo kama mkataba. Hana ndugu wa kumpokea, mgongo wake haubebi tena mzigo, na sijui nani ataajiri dereva anayebadilisha miwani kila anapotaka kusoma kibao.

Basi akaanza kuutafuta ugonjwa mwenyewe, hapo uani, maana fundi wa barabarani angeanza kwa kubadilisha kila kisichoumwa. Asubuhi, injini ikiwa baridi, alifungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa yamepungua kidogo tu. Akapapasa mipira yote ya maji kama daktari anayepapasa tumbo la mtoto. Akachomoa kijiti cha oili, akakitazama juani. Oili ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa angejua maji yameingia ndani, na hapo tungeagana na injini. Ilikuwa safi.

Akaniuliza kinasemaje kile kitabu cha gari ulichokiacha kwenye kisanduku cha mbele, kwa kuwa anajua nimekisoma chote, hata kurasa za redio ambayo gari halina. Nikamwambia atazame thamostati, kile kidude kinachoyazuia maji mpaka injini ipate joto. Kikikwama, maji hayazunguki.

Alikitoa, akakitia kwenye sufuria ya maji jikoni, akawasha jiko. Tulikuwa tumesimama tunakitazama Mama alipopita.

"Leo tunakula chuma?"

"Naangalia kama kinafunguka, Mama."

"Kikiiva uniite."

Maji yalitokota, kidude kikabaki kimefumba vilevile. Sijapata kumwona mtu mzima akifurahia kitu kibovu namna ile. Alinunua kipya, akakifunga, akajaza maji, akaiacha injini ingurume kifuniko kikiwa wazi mpaka hewa yote ikatoka. Siku tisa gari likaenda na mshale wa joto umetulia katikati. Shemeji akaanza kuimba akioga. Hilo ndilo kosa alilofanya. Mama hawezi kumvumilia mtu anayeimba kwenye nyumba yake bila kuombwa.

Jumatano tulikuwa tunachambua mboga, Mama akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia vitunguu: "Hivi gari likisimama kwenye foleni, upepo hakuna, linapozwa na nini?"

Unajua ninavyopenda kueleza. Nikamwambia kuna feni nyuma ya rejeta, huwaka yenyewe injini ikipata moto. Akauliza umeme wake unapita wapi. Nikaenda kumwonyesha waya, na plagi yake nyeusi yenye kijino.

"Kadude kadogo hivi," akasema, akarudi kwenye mboga zake.

Mimi niliulizwa, nikajibu.

Ijumaa, tukitoka kliniki, foleni ilitushika karibu na mzunguko. Barabara ikiwa wazi mshale ulikuwa umetulia; tuliposimama tu, ukaanza kupanda. Shemeji aliwasha hita ili joto la injini litokee kwetu ndani, akafungua madirisha yote, akawa anapangusa shingo kwa kitambaa cha kufutia kioo.

"Vumilia kidogo, Mama."

"Mimi navumilia. Wewe hesabu."

Mvuke ulipotoka chini ya boneti, Mama alisema neno moja tu. "Tatu."

Jana asubuhi shemeji aliomba saa moja kabla ya kufunga mizigo. Mama akamruhusu, tena akatoa kiti akakaa kibarazani atazame vizuri. Majirani wawili wakaegemea ukuta. Shemeji alijaza maji, akawasha injini, akangoja. Mshale ukapanda, ukapita katikati. Feni kimya. Akazima, akainama, akapenyeza mkono nyuma ya rejeta, akatoka na waya umening'inia.

Plagi ile, Kaka, haitoki mpaka ubonyeze kijino kwa ukucha huku unavuta. Aliirudisha, ikalia tik. Akawasha tena, akangoja joto lipande, na feni ikaanza kuvuma.

Hakumtazama Mama. Alinigeukia mimi.

"Shemeji, wewe umekisoma kitabu. Hii inachomoka yenyewe?"

Majirani walisogea wanisikilize. Mama naye alinitazama, na unajua anavyotazama akitaka kukukumbusha unalala kwa nani.

"Gari la zamani hili," nikasema. "Kwa kutikisika barabarani, lolote linawezekana."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa majibu ya vipimo. "Basi limepona, Mama. Naweza kukupeleka popote."

"Limepona, hongera. Lakini tulisema likichemsha. Hatukusema kwa nini."

Jirani mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Shemeji alikuwa na sanduku moja na picha ya harusi yao. Mama alisema fremu ni ya nyumba, kwa hiyo shemeji akaitoa picha, akaiviringisha ndani ya gazeti. Alipofika mlangoni alinipa ufunguo wa gari, akaniambia nisije nikafungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, nitaungua uso. Kuanzia kesho Mama namwendesha mimi. Leseni ninayo tangu mwaka jana, na aliyenifundisha ni shemeji huyohuyo.

Sasa sababu ya kukuandikia haraka. Anwani yako shemeji anayo, na gari ni lako. Nadhani atakuandikia, si kudai chumba, ila kukuuliza lile swali aliloniuliza mimi, maana ni mtu asiyelala mpaka ajue ugonjwa. Mjibu kwamba magari ya aina hiyo yanajulikana kwa plagi kulegea. Andika kwa kirefu, mtajie hata ukurasa. Nitakutumia namba yoyote. Ukimwandikia vingine atarudi na barua yako mkononi, na mimi nimekwisha kuhamia chumba chake. Kina hewa nzuri sana. Jana nimelala bila kusikia mkoromo wa Mama hata mara moja.

Msalimie wifi, uwabusu watoto kwa niaba yangu. Shangazi anakusalimu. Mama anakusalimu pia, anasema usijichoshe kazini. Mungu akulinde huko uliko, akuweke kati ya watu wanaokutakia mema.

Wako, nikupendaye kuliko wote waliobaki humu ndani,

Mdogo wako wa mwisho.