Maiki Yako Haikuwa Imekufa

Tata Ombati, baba yangu wa ufundi,

Nakuandikia nikiwa stoo ya kanisa, mlango nimeufunga kwa ndani ili mtu asinikute nikilia juu ya nyaya. Nilianza kwa "habari za huko" nikafuta. Za huku ni kwamba binti yako Kerubo ameacha kazi ya kiwandani Itumbe, amerudi nyumbani, na sasa ndiye anayechuma chai yako. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mama Kerubo chakula hakimpiti vizuri, lakini kila Sabato yuko kwenye benchi lake, nami nakaa nyuma kwenye miksa ya sauti nikitazama kitambaa chake cha kichwa badala ya kufanya kazi.

Nina jambo la kukuambia. Nilikuwa nalo ukiwa hai, na hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Unayakumbuka yale makambi yetu ya ibada hapa Manga, mara ya kwanza kanisa kuwa na miksa mpya. Miaka yote wewe uliweka amplifaya chini ya mimbari, na waya wa maiki haukuzidi hatua sita. Watu walikutania kwamba unapenda kuonekana karibu na mchungaji. Hata mimi nilicheka, mimi uliyenifundisha kuunga nyaya nikiwa sijui chanya wala hasi. Siku hiyo ukaniambia leo ni zamu yangu. Ukanipa maiki yako ile nzito ya chuma, pamoja na kopo la kakao ulimoweka transfoma ndogo uliyoisuka kwa mikono yako. Ukasema, "Kemunto, hii maiki haipendi safari ndefu. Ukiipeleka mbali, ipitishe hapa kwanza."

Nikaitikia. Lakini nilikuwa nimetoka kozi ya miezi mitatu Kisii mjini, kichwa kimevimba. Kopo la kakao kando ya miksa inayong'aa, na kwaya nzima inanitazama? Nililisukuma chini ya meza kwa mguu. Dukani nilikuwa nimenunua kile kiunganishi cha kubadilisha umbo la plagi, na plagi ilipoingia nikaona kazi imekwisha. Nikavuta waya kutoka mimbarini hadi mwisho wa hema.

Ulikuwepo, uliona. Mchungaji alifungua kinywa, na sauti ikatoka hafifu kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Nikaongeza, ukaja mvumo wa nyuki. Nikaongeza tena, spika zikapiga mluzi, watoto wakaziba masikio wakicheka. Mzee wa kanisa alikuja mbio kuniuliza kuna nini. Nami nikamjibu kwa sauti iliyofika benchi la pili ulikoketi: "Ni maiki ya mzee. Imekufa."

Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, ndivyo wasemavyo. Mimi sikujikwaa, Tata. Nilisema kusudi, ili macho ya watu yaniondokee. Nawe hukuniuliza hata kopo nimeliweka wapi. Ulitazama viatu vyako tu. Baada ya makambi wazee wakakuambia upumzike, vijana washike, na mimi nikapewa ufunguo wa stoo hii.

Wiki tatu baadaye nilikuwa napanga vitu humu, nikakutana na maiki yako na lile kopo. Nikaunganisha ulivyoniagiza. Nikasema moja, mbili, tatu. Jamani. Sauti ilijaa kanisa tupu, nene na safi, hata pumzi yangu ilisikika. Nikaichomeka pia, bila kopo, kwenye tundu la gitaa la miksa, lile lenye swichi yake ndogo, kwa waya mfupi, ikakubali vilevile. Ndipo nikaelewa. Maiki za enzi zako zina ukinzani mkubwa wa umeme, na tundu la maiki la mashine za sasa limetengenezewa maiki za ukinzani mdogo. Ukiziunganisha hivi hivi sauti inamezwa, na waya mrefu unamalizia kilichobaki. Kumbe ule waya wako wa hatua sita ulikuwa ufundi, si maringo.

Siku ile ile ningeshuka kwako. Ni mwendo wa dakika kumi, mteremko mtupu. Nikasema nitaenda kesho. Kisha mvua. Kisha harusi ya binamu yangu. Ulipougua nilikuja na mkate na ndizi, nikakaa kando ya kitanda chako nikiongea habari za barabara. Ukaniuliza, "Kazi inaendelea?" Nikajibu, "Inaendelea, Tata." Ulinipa nafasi, nikaipitisha kama mtu asiyesikia.

Na siku ya kukuzika, mitambo niliishika mimi. Mzee wa kanisa alisimama akasema ulitumika kwa uaminifu mpaka vyombo vya kisasa vikakushinda. Watu wakaitikia amina. Mkono wangu ulikuwa juu ya miksa, maiki nyingine iko mezani mbele yangu, nami nikanyamaza hadi wakakufunika udongo. Tata, nilijichukia. Bado najichukia.

Juzi nilimwendea Mama Kerubo, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Aliendelea kumenya ndizi muda mrefu. Nilidhani atanifukuza, na ningeshukuru. Akasema, "Mimi si wa kuambiwa. Nilijua mume wangu anajua kazi yake. Waambie waliomcheka." Akaingia ndani.

Kwa hiyo nimemwomba mzee wa kanisa dakika tano Sabato hii, baada ya matangazo. Hajui ninachotaka kusema. Nakuahidi sitasema "kulikuwa na hitilafu," wala sitajificha nyuma ya ujana. Nitasema fundi alikuwa Ombati, kosa lilikuwa la Kemunto, na Kemunto alijua. Ufunguo nitauweka mezani. Wakiona vyema nisiushike tena, watakuwa wamenitendea nilivyokutendea wewe, ila mimi nitakuwa nimestahili.

Kisha nitashuka kwa Mama Kerubo kumwambia nimeshasema. Nitakaa naye nimsaidie kumenya, hata asiponikaribisha chai.

Kwaheri, Tata. Nimechelewa sana, lakini nakuja kulisafisha jina lako.

Mwanafunzi wako,
Kemunto