Mimi Ndiye Mgonjwa wa Mtihani, na Dawa Simezi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unielewe vizuri, nimesema msaada, sikusema huruma, huruma wape wale wanaokuandikia kila wiki kwamba wameachwa, maana wengine ukiwasoma unaona kabisa walistahili. Mimi ni bibi mtu mzima, niliishia darasa la nne, barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na herufi zikipinda ni macho, si akili. Nisome mpaka mwisho na usiniweke foleni nyuma ya watu wa mapenzi, kwa sababu jambo langu lina Jumamosi yake.

Mjukuu wangu ni mfamasia. Sijasema muuza dawa, nimesema mfamasia, amesomea chuo kikuu, anafanya kazi hospitali kubwa ya hapa kwetu, kwenye lile dirisha la dawa lenye nondo na kitundu cha kupitishia mkono, anakupa mfuko wako anakwambia kimoja asubuhi kimoja jioni, na nyuma yako watu wanasukumana. Miaka yote hiyo alikuwa anarudi nyumbani amenuna, ananiambia, "Bibi, nimesoma dawa inavyofanya kazi mwili mzima, lakini mgonjwa mwenyewe namwona mkono tu." Basi mwaka huu ameanza masomo ya juu, yanaitwa shahada ya uzamili ya famasia ya kitabibu, na usiniulize nimejuaje kuitamka, nimeifanyia mazoezi. Akimaliza hatakaa tena nyuma ya nondo, atazunguka wodini na madaktari kitanda kwa kitanda, aseme dawa hii inagombana na ile, hii punguza, hii ondoa, na daktari amsikilize. Hospitali nzima hawana mtu wa namna hiyo, yeye ndiye atakuwa wa kwanza, na ni damu yangu, hilo lipige chapa kwa herufi nene.

Na uzuri wake hakuacha kazi. Chuo kiko mbali, walimu wengine wako nchi nyingine kabisa, lakini wanakuja ndani ya kompyuta hapa sebuleni, juu ya meza ya cherehani yangu niliyoisukumia dirishani kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika. Jioni akitoka kazini ananawa uso, anavaa koti lake jeupe, darasa linaanza. Mume wake, ambaye mimi namwita mume wangu, na mjukuu namwita mke mwenzangu, kama ilivyo haki yangu, ndiye anayepika siku za darasa, na uji wake unaweza kujengea ukuta, lakini tunaunywa bila kusema neno maana ndio mchango wake katika elimu. Mimi nakaa nyuma ya pazia na kazi yangu ya kushona, najifanya sisikii, nasikia yote, na pazia lina upenyo. Wanafunzi wenzake nawajua wote. Kuna Miwani, anayeuliza swali lililokwisha kujibiwa. Kuna Mama Kichanga, ananyonyesha huku anajibu habari za figo, na anazijibu sawasawa. Kuna mmoja nimempa jina la Zamu, huyo hutoka kazini moja kwa moja, anasinzia mpaka paji la uso linajaa kioo chote. Mshauri, tangu nizaliwe sijapata raha kama hii. Wenzangu wa rika langu wanaangalia tamthilia, mimi naangalia figo.

Sasa sikia balaa lenyewe. Katika mtihani wao mkubwa kila mwanafunzi anachukua mgonjwa mmoja mwenye ugonjwa wa kudumu, anafuatilia dawa zake zote, anampima, anamhoji, kisha anasimama mbele ya walimu anaeleza kwa nini mgonjwa huyu hapati nafuu na nini kifanyike. Mjukuu akaniambia, "Mke mwenzangu, dawa unameza na presha haishuki. Wewe ndiye mgonjwa wangu." Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Mwalimu akaniuliza kwenye kompyuta kama nimeridhia kwa hiari yangu, nikamwambia nimeridhia, tena umechelewa kuniuliza. Nikatia sahihi, si dole gumba, sahihi. Kitu kimoja tu kiliniudhi, kwamba jina langu halitatajwa, nitaitwa "mgonjwa mwanamke mtu mzima", kana kwamba nimeokotwa stendi, na hilo nalo uniambie kama ni halali.

Tatizo, mshauri, ni kwamba dawa simezi.

Ile ya jioni nameza. Simezi ile ndogo nyeupe ya asubuhi, ya kupunguza maji mwilini, ile inayokurudisha chooni wakati mlango wa choo hujaufunga vizuri. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama washonaji, nakaa meza ya mbele, nina vikao, nina ofisi za kwenda kufuatilia mambo ya watu, na siku moja nimekaa kwenye benchi la ofisi fulani, choo kina kufuli, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi kaenda kunywa chai. Yaliyofuata sitaeleza, wewe ni mtu mzima. Tangu siku hiyo nikiwa na safari simezi, na kwa kuwa mimi si mtu wa kushinda ndani, nameza siku za mvua kubwa. Na kwa kuwa mjukuu wangu huhesabu vidonge vilivyobaki, kila nisichokimeza nakichomeka kwenye chungu cha maua barazani, hesabu inatimia, na sidhani kama mtaa huu kuna ua lenye presha nzuri kama lile.

Sikuona ubaya wowote mpaka juzi alipokuwa anajaribu maelezo yake mbele ya mwalimu. Alieleza vizuri mpaka nikaacha kushona. Akasema anapendekeza mgonjwa aongezewe dawa ya tatu, yenye nguvu, na kwamba daktari wa kliniki yangu amekubali kumsikiliza mara tu baada ya mtihani, jambo ambalo daktari yule hajawahi kumfanyia mtu wa dirishani. Mwalimu akamuuliza, "Una hakika mgonjwa anazimeza hizi mbili alizo nazo?" Mjukuu hakusita. "Mwalimu, mgonjwa huyu namjua. Anaweza kukutukana, lakini hawezi kukudanganya." Mwalimu akacheka, akasema endelea. Mimi nyuma ya pazia sindano ilinichoma kidole nisihisi.

Sasa nishike lipi niache lipi, nikisema, kazi yake yote inabomoka na mtihani uko mlangoni, tena atajua mimi ni mwongo, mimi niliyemlea nikimfinya masikio kwa sababu ya uongo, na nikinyamaza atasimama mbele ya watu wenye elimu zao na uongo wangu kinywani mwake, akiutetea. Nimewaza nianze kumeza leo, viwili viwili, vitatu vitatu, kufidia vile vya chunguni, presha ishuke kabla ya Jumamosi na yeye aone imeshuka yenyewe. Nimewaza pia nijitie ugonjwa mwingine wa ghafla ili amchukue Miwani awe mgonjwa wake, maana yule haonekani mzima. Mtihani ni Jumamosi ya wiki ijayo, gazeti lenu linatoka Jumatano, kwa hiyo usiniambie barua ni nyingi. Nijibu kwa maneno machache, si kama ulivyomjibu yule bwana wa juzi, ulimzungusha mpaka nikasahau nani kamwacha nani.

Ni mimi, Bibi wa Mfamasia, Mwenyekiti.

*

Mshauri anajibu:

Shikamoo, bibi. Heshima yako nimeitoa, sasa kaa chini.

Barua yako nimeisoma kwa kicheko mpaka wenzangu humu ofisini wakaja kusimama nyuma ya kiti changu. Nilipofika kwenye "viwili viwili, vitatu vitatu" nikaacha kucheka. Wazo hilo lifute leo. Kidonge cha wiki iliyopita hakifidiwi wiki hii. Ukivibugia hivyo utaanguka, na Jumamosi mjukuu wako atakuwa amesimama kando ya kitanda chako badala ya mbele ya walimu wake. Wala usianze kumeza kimya kimya hata kimoja kimoja. Kimya kimya ndicho kilichotufikisha hapa.

Habari ya choo naielewa, na kwa hilo sikulaumu hata kidogo. Ofisi inayofunga choo kwa kufuli na kumpa ufunguo mtu anayependa chai ndiyo ya kulaumiwa. Ninachokulaumu ni chungu cha maua. Kuacha dawa kwa sababu ya aibu, hilo ni la binadamu. Kuichomeka kwenye udongo ili hesabu ya mtoto itimie, hapo ulikaa, ukafikiri, ukapanga. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Wewe umewapita, umeficha hata dawa.

Unasema ukisema ukweli kazi yake inabomoka. Bibi, umekaa nyuma ya pazia muda wote huo, umejua nani anasinzia na nani ananyonyesha, na somo lenyewe limekupita. Nilimpigia simu mfamasia mmoja wa wodini ninayemfahamu, sikumtaja mtu, nikamuuliza kazi yao hasa ni nini. Akanijibu, "Dada, nusu ya kazi yetu ni kujua kwa nini mgonjwa hamezi." Umesikia? Kuongeza dawa ya tatu juu ya mbili, hata hapo dirishani wangeweza. Mjukuu wako alilia kwamba anaona mkono tu, akaingia darasani ili amwone mgonjwa mzima, nawe, bibi yake, kwa makusudi ukamwonyesha mkono.

Na hiyo dawa yenye nguvu, umeifikiria? Tuseme unaandikiwa. Nyumbani utameza unachotaka, sawa. Siku utakapolazwa kwa jambo jingine, muuguzi atakusimamia umeze zote tatu mbele yake, na mwili ambao haujazoea utaangushwa vibaya. Atakayejilaumu maisha yake yote ni mtoto aliyesema namjua, hawezi kukudanganya.

Kuhusu jina lako, ni halali kabisa lisitajwe. Utaratibu huo upo kumlinda mgonjwa, na baada ya barua hii ungewapelekea shukrani.

Sasa fanya hivi. Leo mjukuu akirudi kutoka kazini, kabla hajagusa kompyuta, huyo mume wako wa utani mwambie akaangalie uji wake. Mpeleke mjukuu barazani, mwonyeshe chungu. Usianze kwa kumgombeza kwamba amechelewa au amekonda, nakufahamu sasa. Sema: "Kidonge cha asubuhi simezi, kwa sababu ya choo, na nilikuficha." Kisha funga mdomo. Hapo ndipo pagumu kwako, lakini ufunge. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, wala usimkumbushe nani alimlea. Hasira ikipoa atarudi kuwa mfamasia, ataanza kukuuliza unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi, kidonge kinakusumbua kwa muda gani. Mjibu yote, pamoja na yale ya kwenye benchi uliyoninyima mimi. Huenda ipo saa nyingine ya kukimeza, huenda ipo dawa nyingine inayomfaa mtu wa vikao. Watakaoamua ni yeye na daktari wako, si wewe, wala si mimi wa gazetini.

Yeye naye amwambie mwalimu wake kabla ya Jumamosi, amweleze alivyodanganywa na alivyogundua. Asione haya. Mwalimu hakuuliza lile swali kwa kupoteza muda, ameshakutana na mabibi wengi. Daktari wa kliniki naye asikie pendekezo jipya, na nakuhakikishia atamsikiliza zaidi mtu anayekuja kumwambia "tusiongeze" kuliko anayekuja na dawa mkononi.

Ulimi ukikuwia mzito, mpe gazeti hili asome, wewe ukiwa umekaa mbele yake, si umekwenda kikaoni.

Na Jumamosi vuta kiti ukae karibu naye, mahali walimu wanakuona uso. Wakiuliza tena kama mgonjwa anameza dawa zake, mjukuu asikujibie. Jibu wewe.