Kizibo cha Nyuma

Alhamisi. Mvua ilianza saa mbili asubuhi na sasa ni saa kumi na moja jioni, haijakatika. Mtaa wetu wa Kisugu, hapa Kampala, wote ni matope. Nimekaa jikoni, mlango wazi, natazama ua ambao wiki iliyopita ulikuwa na gari la watu.

Nimechoka. Nimelala siku tatu kwa vipande vipande, na kila nikiamka uchovu uko pale pale.

Hii ni wiki ya sita tangu Musoke, mume wangu, achukuliwe. Walikuja watu watatu na gari lisilo na namba. Walimkuta hapo uani akisugua kifuniko cha silinda kwa msasa, wakamwambia kuna maswali mawili anatakiwa kwenda kuyajibu. Aliomba anawe mikono kwanza. Wakamruhusu, wakasimama wakimsubiri ajimwagie mafuta ya taa mikononi na kujifuta kwa tambara, na mimi mjinga nikaona hiyo ni dalili njema.

Gari alilokuwa akilitengeneza lilikuwa la jirani yetu Okot, askari wa trafiki, mtu wa Kitgum, kule kaskazini. Sasa naweza kuliandika jina lake. Injini yote ilikuwa imefunguliwa. Musoke alisharudisha krenki na pistoni ndani ya bloku, kile chuma kikuu cha injini. Kilichomkwamisha ni vizibo. Ubavuni na mgongoni mwa bloku kuna matundu ya mviringo, mapana kama mdomo wa chupa ya maziwa, na nyuma yake ndipo yanapopita maji ya kupoza injini. Kila tundu huzibwa kwa kibakuli kidogo cha bati, kinagongwa kwa nyundo mpaka kibane. Vile vya zamani vililiwa na kutu. Vipya alivitafuta mji mzima, hakuvipata.

Alhamisi iliyopita Okot alikuja kwangu bila sare. Hakutaka kukaa.

"Shemeji," akasema, "jana wamemchukua ndugu yangu kule kambi ya jeshi. Na wengine wanne, wote wa kwetu. Wanafuata majina: jina likiwa la kwetu, unachukuliwa."

Alitaka kuvuka kwenda Kenya na mkewe, Santa, na watoto wao wawili. Kwa basi haiwezekani. Kwenye vizuizi wanashusha watu wote na kusoma vipande vyao vya utambulisho. Lakini akiwa ndani ya gari lake, na sare yake ya trafiki, huenda wangempungia mkono apite. Nikamuuliza kwa nini asitafute fundi mwingine.

"Nimwamini nani? Akiona nina haraka, atauliza naenda wapi."

Nikamwambia injini nitaifunga mimi.

Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Miaka tisa nilikuwa mtunza stoo katika duka la vipuri Old Kampala, tangu nilipotoka nyumbani kwa baba kwenye kambi ya polisi mpaka Wahindi walipofukuzwa. Musoke tulijuana kwenye kaunta ile. Kila kipuri nakijua kwa jina na kwa namba yake, na jioni nyingi nimekaa na Musoke nikimpa spana na soketi. Lakini kumpa mtu spana ni kitu kimoja. Kuishika wewe, mwenye spana hayupo, ni kitu kingine kabisa.

Ijumaa nikaenda kwenye duka lile lile. Siku hizi ni la mwanajeshi mmoja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha bosi wangu wa zamani akitafuna karanga, na mikanda ya feni aliitundika dirishani kama nguo za kuuza.

"Mama, nataka nini?" akaniuliza kwa Kiswahili cha jeshini.

"Vizibo vya bloku, afande. Vile vya bati."

"Hapana iko."

Musoke naye alijibiwa hivyo hivyo hapo, akaogopa kubisha. Nilijua viko. Niliviweka kwa mikono yangu, droo ya tatu kutoka chini. Mdomo ukanitangulia akili. "Viko kwenye ile droo, afande."

Akaacha kutafuna. "Wewe najua aje?"

Nikasema mume wangu aliwahi kununua hapo, na papo hapo nikaogopa ataniuliza mume wangu yuko wapi. Hakuuliza. Akaivuta droo, akaimwaga kwenye kaunta yote, akaokota kizibo kimoja na kukigeuzageuza.

"Hii? Si kofia ya chupa?" Akacheka sana. Nikacheka naye. Hilo nalo naliandika, kwamba nilicheka naye.

Vya saizi yangu vilikuwa vitano. Nilihitaji vitano.

Jumamosi asubuhi nilisugua matundu mpaka chuma kikang'aa, nikayafuta, nikapaka gundi ya gasketi kwenye ukingo. Unaweka soketi ndani ya kibakuli ili nyundo isikitoboe, halafu unagonga taratibu, ukisikiliza. Kikikaa sawasawa mlio unabadilika, unakuwa mzito. Vinne viliingia vizuri. Nilijivuna kidogo, nikatamani Musoke angeona.

Cha tano ni cha nyuma, upande wa gia boksi. Kiliingia upande.

Nikakitoa kwa bisibisi na mdomo wake ukapinda. Cha akiba sikuwa nacho. Nikakiweka juu ya jiwe, nikakinyoosha kwa nyundo ndogo mpaka kikafanana na kibakuli tena, nikakipaka gundi nyingi kuliko inavyotakiwa, nikakigonga tena. Kilikaa. Lakini upande mmoja kilizama kuliko mwingine, na mlio ule mzito sikuusikia.

Kisha nikaenda kwenye njia za mafuta ya kulainisha injini. Kule vizibo ni vya skrubu, vidogo. Kimoja ukikisahau nyuma ya cheni ya injini, mafuta hayapandi na injini inakufa njiani. Nilivihesabu mara nne, kisha nikafunga kifuniko cha silinda. Alasiri Okot, Santa na mimi tukaishusha injini kwa winchi, tukaiunga na gia boksi. Kizibo cha nyuma kikafichika. Ili kukiona tena ingebidi kuitoa injini nzima.

Sikumwambia mtu.

Tulipokuwa tunanawa Santa akanishika mkono. "Mama Rosi, tupe Rosi twende naye. Tutamfikisha kwa dada yako Kisumu. Na wewe njoo."

Rosi, binti yetu, ana miaka tisa. Ni yeye tu tuliye naye. Nilisema mimi siwezi, Musoke akirudi na kukuta nyumba imefungwa atafikiri nini? Okot akaniangalia. Ni polisi, anajua mambo ambayo sisi hatuyajui. "Shemeji," akaanza, "mtu akishapita mwezi kule..." Hakumaliza, na mimi nikajifanya nachota maji.

Lakini Rosi nikamtoa.

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli, hata kama hakuna wa kunisoma. Nilimpakia mtoto wangu kwenye gari lenye kizibo nisichokiamini, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nikisema, Okot atasubiri kipya, na wakati anasubiri watakuja kumchukua. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba niliona haya. Nilitaka waseme kazi ya Musoke imemalizwa vizuri.

Jumapili, watu wakienda kanisani, injini iliwaka tulipojaribu mara ya tatu. Taa ya mafuta ya injini ikazimika, yaani yanapanda. Nikalala chini ya gari, nikapitisha mkono kule nyuma. Pakavu. Lakini injini ikiwa baridi kila kitu ni kikavu. Rosi alivaa sweta la shule, akakaa kati ya watoto wa Santa. Hakulia. Alinipungia mkono kama anakwenda darasani.

Tangu hapo nikifumba macho naona mvuke. Naona gari limesimama porini kabla ya Tororo, karibu na mpaka, boneti juu, Okot na sare yake, na askari wanakaribia wakiuliza mnakwenda wapi.

Leo asubuhi nilikwenda kwenye geti la jengo wanakofungia watu, pale ninapokwenda kila siku kumuulizia Musoke. Safari hii yule askari hata hakutazama daftari lake. "Mama, usirudi tena hapa. Jina hiyo hapana iko. Utaleta taabu kwako."

Nikarudi kwa miguu, mvua yote juu yangu.

Saa sita akaja dereva wa lori, mtu nisiyemjua. Hakuingia ndani. Akasema ametumwa aseme hivi: wamefika. Mtoto yuko kwa dada yako, analia usiku lakini anakula. Na injini haikumwaga hata tone.

Nikakaa chini hapo hapo mlangoni nikalia. Dereva akasema asante Mungu, akidhani ni furaha. Furaha ilikuwepo. Lakini nilipoingia ndani nikakuta kitanda cha Rosi, na kile kilichokuwa kimenishika siku hizi zote, hofu ya kizibo, kilikuwa kimeondoka. Sikubakiwa na kitu cha kuogopa isipokuwa kile kikubwa, cha Musoke.

Saa kumi mtu mmoja alibisha, kabureta imefungwa kwa gazeti chini ya koti lake.

"Nnyabo, fundi yuko?" akaniuliza kwa adabu ya Kiganda.

"Hayupo, ssebo."

"Atarudi lini?"

Wiki zote hizi wateja wakiuliza nimekuwa nikijibu: njoo kesho. Nilifungua mdomo niseme hivyo hivyo.

"Sijui," nikasema.

Yule mtu akanitazama. Akavua kofia, akasimama hivyo na mvua inamnyeshea kichwani, halafu akaondoka.

Alielewa kabla yangu.

Kesho nitaamka. Zaidi ya hapo sijiahidi kitu.